Mwaka Tuliokusanya Barua za Keya

Binti wa rafiki yangu Zuhura alinipigia simu asubuhi, nimekaa barazani hapa Matiri nachambua maharage ya mbegu. Siku zote huanza kwa kunitania, "Mama Skola, baridi haijakumaliza tu?" Siku hiyo alianza na "Shikamoo mama mkubwa", sauti imekauka, na kabla sijaitikia marahaba nikajua. Mama yake alikuwa ameshazikwa Pangani, jana yake alasiri, haraka kama wanavyozika Waislamu, bila kumngoja mtu wa Mbinga ashuke milima yote hii kwa basi. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Niliikasirikia Pangani, nikaikasirikia barabara, nikamkasirikia na Zuhura mwenyewe, aliyeniahidi kuja msimu wa kahawa na hakuja, na maharage niliyokuwa nimeshayachambua nikayachanganya tena mabovu na mazima. Halafu nikalia. Mjukuu wangu akaniuliza huyo marehemu ni ndugu yetu upande gani. Nikamwambia si ndugu. "Sasa mbona unalia hivyo, bibi?" Jibu la swali lile ni mwaka mmoja mzima, na mtoto alikuwa anachelewa shule.

Nitauruka utoto wangu, na nani alinisomesha na kwa shida gani, maana wazee wote tunayo hadithi hiyo na wajukuu wameichoka. Nianzie pale nilipokuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na sanduku langu la bati, nikapangiwa shule ya msingi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kati ya Liuli na Mbamba Bay. Mtu wa milimani ukishushwa ziwani unahisi umehamishwa nchi. Joto lilinivaa tangu nashuka kwenye lori. Nyumba ya walimu ilikuwa na vyumba viwili na sebule isiyo na dari, bati likipigwa na jua linalia ta, ta, ta mpaka unadhani kuna mtu juu. Chumba kimoja nilikuta kimeshachukuliwa na mwalimu mwenzangu, msichana mwembamba wa Pangani ambaye serikali ilimtoa bahari moja ikamleta ziwa hili. Huyo ndiye Zuhura. Yeye alitundika msala kwenye msumari wake, mimi nikatundika rozari kwenye wangu, na sebuleni tukawa na meza moja yenye mguu mfupi, tukauwekea jiwe. "Haya, Roma na Maka zimepanga nyumba moja," alisema siku ya kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa sijazoea watu wanaocheka na dini, nikamwonea shaka wiki nzima.

Tulichoanza kugombania ni chakula, na ndicho kilichotupatanisha. Wenyeji wanakula ugali wa muhogo, laini, unavutika, na mimi niliyekulia ugali wa mahindi na maharage tonge la kwanza lilinikwama kooni hadi machozi yakanitoka. Zuhura muhogo ulikuwa wake, aliumeza bila wasiwasi. Kilichomshinda yeye ni usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyoliwa na vichwa vyake. "Skola, huyu ananitazama," alikuwa akisema, ameshika kisamaki kwa vidole viwili. Basi mimi nikawa namlia vile vichwa, yeye akinifundisha kumeza muhogo bila kutafuna. Mpaka leo nikila usipa navunja kichwa kwanza nakila, mwili naweka pembeni ya sahani, kama vile kuna mtu wa kumwekea, halafu nakumbuka nakula mwenyewe.

Kazi ya barua ilianza kwa amri. Wilayani walitangaza maonyesho, kila shule ipeleke vitu vya kale. Mwalimu Mkuu wetu, mtu mpole aliyekuwa akitetemeka akiona bahasha ya serikali, alituita ofisini akasema, "Walimu, nataka vitu vya kale kabla sijaulizwa." Shule za milimani zilikuwa na mikuki na majembe yaliyofuliwa na mababu. Sisi tungepeleka nini, makasia? Zuhura akasema, "Mwalimu, hapa kila ukoo una mtu aliyekwenda Keya. Tukusanye barua zao." Keya ndivyo wazee walivyoliita jeshi la Mwingereza, lile lililowachukua vijana wa huku likawapeleka Burma kupigana na Wajapani. Zuhura alikuwa ameiona barua moja kwa Bibi Ludgera, mama aliyetuuzia samaki, mjane wa mzee aliyerudi vitani mzima akaja kufia kitandani kwake. Bibi Ludgera alikuwa na mdomo usio na komeo. Aliichomoa barua chini ya godoro akasema, "Someni, wanangu, muone nilivyopendwa kabla sijapigwa."

Tukawa tunatoka kila baada ya vipindi. Tulijifunza upesi kwamba barua haiombwi siku ya kwanza. Siku ya kwanza unasalimia, unakula, unaulizwa wa wapi, unachekwa Kinyasa chako. Ya pili unasikia habari za vita, nyingi za uongo. Ndipo siku nyingine, wewe hujasema neno, mwenyeji anainuka mwenyewe, anafunga mlango, na unajua sasa inakuja. Kwa maana ule ndio ulikuwa utaratibu wao tangu enzi za vita: barua ya Keya ilisomwa ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, na katekista ndiye aliyesoma, akiigeuza kutoka Kiswahili kwenda lugha ya nyumbani. Jirani hakusikiliza barua ya jirani. Ilikuwa aibu, sawa na kuchungulia mtu anaoga. Zuhura aliyaandika hayo yote, akasema, "Utaratibu mzuri kweli," na wala hatukufikiri zaidi ya hapo.

Sijui kama kuna raha nimewahi kuipata kazini kupita ile. Zilitoka kwenye mikebe, kwenye vibuyu, ndani ya vitabu vya sala. Nyingine zilikuwa zimekatwa madirisha kwa mkasi, maana afande wa Kizungu alizipitia kwanza na kila jina la mahali aliliondoa, ukiishika juani unaliona ziwa kupitia tundu. Mzee mmoja alitupatia karatasi ya baba yake, baharia kwenye meli ya Mjerumani hapahapa ziwani, vita vile vya kwanza. Alikuwa ameandika: "Leo tumepita karibu. Nimeiona nyumba yetu na moshi wa jikoni nimeuona, ila kushuka hatuna ruhusa. Nani anapika saa hizi?" Zuhura aliinakili kwenye daftari lake. Baadaye nikamsikia chumbani anairudia peke yake, nani anapika saa hizi, nani anapika saa hizi, na nikajua anaiwaza Pangani.

Barua tuliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya Bibi Melania. Alikaa mwisho wa kijiji, karibu na majabali wanapoanikia usipa, mwanamke mrefu, msafi, nyumba yake imefagiwa mpaka mchanga una mistari. Mume wake, Kosmas, alichukuliwa Keya hata mwaka wa ndoa haujaisha, wala mtoto hawajapata. Burma alikwenda, Burma akabaki. Tarishi wa bomani ndiye aliyeleta habari. Shemeji yake alitaka kumrithi, akakataa. Akaja mvuvi mwenye mitumbwi yake, akakataa. Akaja hadi mwalimu mmoja mjane, akakataa. Kijiji kilimwona ana kiburi, lakini yeye alikuwa na sababu yake, na siku alipotufungia mlango akanipa barua yake niisome. Ilikuwa karatasi moja tu, imechakaa kwenye mikunjo. Baada ya salamu na hofu na mashaka, ilisema: "Nikilala nakuona, nikiamka nakuona. Wewe ndiwe taa ya nyumba yangu, usizimike." Bibi Melania aliyasema maneno hayo pamoja nami, midomo yake ikinitangulia. Halafu akatutazama mmoja mmoja. "Mmesikia? Sasa mtu akishaambiwa hivyo, ataolewa na nani tena?" Nilikuwa na umri wa kuchumbiwa, na kuna kijana wa Ruanda, ile ya huku kwetu Mbinga, aliyekuwa akinitumia salamu kupitia kwa madereva. Nilitoka pale nimemwona kijana yule hafai. Barua yenyewe Bibi Melania alikubali kuiazima kwa siku moja tu, ile ya maonyesho, na kwa sharti kwamba atakuja nayo mwenyewe na kuondoka nayo.

Kuna jambo tulikuwa tumeshaliona. Barua tano zilikuwa na mwandiko mmoja, ule wa kulala upande kama mtama uliopigwa na upepo. "Karani mmoja, Skola!" Zuhura alipiga kelele meza yote ikayumba. "Amewaandikia wote huyu!" Tulifurahi kama watu waliookota kitu. Na kwamba maneno nayo yalifanana tuliona, ndiyo, tukaliona ni jambo zuri la kuwaonyesha wakubwa wa wilaya. Tulikuwa na elimu ya kuzilinganisha barua tano, hata ile ya Bibi Melania tuliyoishika mara moja tu. Lakini wenye barua hawakuwa wameziweka pamoja hata siku moja.

Mwalimu Mkuu alitaka majaribio kabla ya kwenda wilayani, wazazi waje waone, na Bibi Melania tukambembeleza aje na yake siku hiyo pia. Tulifunga kamba za katani darasani, barua zikaning'inia kwa vibanio vya nguo, na mbele ya kila barua akasimama mtoto wa darasa la sita wa kuisoma. Wale kina mama wenye barua walikuja na vitenge vyao vya Jumapili, wakaketishwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Ikaanza ya Bibi Ludgera. Mtoto akasoma vizuri, sauti kubwa: nikilala nakuona, nikiamka nakuona, wewe ndiwe taa ya nyumba yangu, usizimike. Bibi Ludgera akapiga makofi. "Marehemu huyo! Kusema alikuwa anajua, na kupiga alikuwa anajua!" Watu wakacheka. Ikasomwa ya pili. Nikilala nakuona. Kicheko kikaongezeka, maana wengine walidhani mtoto amekosea karatasi. Ya tatu ilipofika mahali pale, darasa lote la sita, lililokuwa limebanana madirishani, likaitikia kwa pamoja kama linavyoitikia jedwali la hesabu: "Wewe ndiwe taa ya nyumba yangu, usizimike!" Bibi Ludgera alishika mbavu. "Kumbe taa tulikuwa wengi, jamani! Kijiji kizima kilikuwa na umeme!"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Bibi Melania, nikaona mikono yake imeacha kucheza na ncha ya kitenge. Yake ilikuwa ya nne. Nilimtazama Zuhura upande wa pili, naye alikuwa ameelewa wakati uleule, akapiga hatua kumzuia mtoto, lakini mtoto alikuwa ameshaanza, na darasa nalo halikungoja, likaitikia kabla hajafika. Bibi Melania aliinuka. Kwa urefu wake alilazimika kujikunja kutoka kwenye lile dawati. Alitoa kibanio, akaikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, nikadhani anaondoka nayo. Akanipa mimi. "Shika, mwalimu. Ikae na wenzake." Nikamwambia, bibi, hapana, hii ni yako. "Yangu ya wapi?" akasema, bila hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza. "Nimekataa wanaume wa watu, nimekaa bila mtoto. Kumbe nilikuwa namngoja karani." Akatoka. Nyuma yake watoto wawili watatu walikuwa bado wanaitikia.

Mwalimu Mkuu alifurahi, maskini, hakuelewa kitu: barua iliyokuwa ya kuazima imekuwa ya shule. Sisi tulikaa na ile karatasi sebuleni hatujui tuiweke wapi. Zuhura aliacha kula, na safari hii wala hakuwatania usipa. Kanisani Bibi Melania hakuonekana Jumapili hiyo wala iliyofuata. Tulipokwenda kwake alitukaribisha, akatupa maji, akatuuliza habari za watoto shuleni, adabu tupu, na uwanja wake ulikuwa haujafagiwa. Kule nyuma ya nyumba nilikiona kigoda cha Kosmas, ambacho miaka yote kilikaa ndani mlangoni bila kukaliwa, kimetupwa kwa kuku. Nimefika uzee sasa, nimezika mume, nimezika na mtoto mmoja, na bado nikitaka kujua huzuni ilivyo nakiona kigoda kile. Wakati ule nilikuwa binti tu. Nilidhani kila kilichoharibika kinatengenezeka, ni suala la kumpata fundi.

Aliyetuelekeza kwa fundi ni Bibi Ludgera. Alikuja nyumbani kwetu na samaki mzima, mbasa, akamweka mezani bila kutaja bei, akasema Mungu angemuumba bila mdomo wake huu, angekuwa mbinguni tayari. Kisha akasema mumewe alikuwa akimtaja karani wao, Mmatengo, kijana aliyeacha seminari, anaitwa Otmari, wa Mpepai. "Kama hajafa, nendeni mkamuulize. Muulizeni kama anamkumbuka Kosmas wa Melania. Akisema neno moja tu, hata kwamba alikuwa na pua kubwa, mleteni hilo neno." Likizo ilipofika tukapanda lori lililokuwa likipanda na magunia ya usipa, Zuhura amejifunga kanga tatu kwa kuogopa baridi niliyokuwa nimemsimulia, na Mbinga tulipofika akasema nilimdanganya, ni baridi zaidi. Kutoka hapo tulitembea.

Mzee Otmari tulimkuta anachuma kahawa mteremkoni, chini yake mashimo ya ngolo, yale tunayolimia huku milimani, yamepangika mpaka bondeni, mtu mfupi, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kama mmefuata kahawa, mie nauza kwenye chama cha ushirika tu." Tukamweleza. Akajifuta mikono, akaipokea barua ya Bibi Melania, akaisogeza mbali na macho. "Mwandiko wangu," akasema. "Nilikuwa na mkono mzuri." Akatupeleka ndani. Mkewe alitaka kutupikia nguruwe, mimi nikamnong'oneza habari za Zuhura, akashtuka, akaenda kutafuta mayai, na huku nyuma tukapewa togwa ya moto. Jikoni nilimsikia akimwambia binti yake kwa Kimatengo, "Kumbe mzee huyu aliwaita wake za watu wote taa. Mimi tangu anioe hajaniita hata kibatari." Nilijikaza nisicheke. Nilipomtafsiria Zuhura baadaye alilazimika kukaa chini kwa kucheka.

"Unamkumbuka Kosmas, mzee? Mtu wa ziwani." "Hapana." "Jaribu, mzee wangu," Zuhura alisema. "Binti, nimekwambia hapana. Wengine hata uso sikuwainulia. Niliona buti zao." Nilimwambia basi yaliyotokea darasani, na kwamba kuna mwanamke anasema amemngoja karani. Hapo akawaka. "Mlitaka nimtungie kila mtu zaburi yake? Mnajua ilivyokuwa? Mimi nimekaa chini ya turubai na meza yangu, wao wako nje, mvua ya kule inawapiga, mbele yake hii yetu ya Mbinga ni umande. Mtu anafika mezani. Nauliza, unamwambia nini mkeo? Mwanamume ametoka kwenye risasi hakulia, ukimwambia aseme neno la mkewe mbele ya wenzake anatazama buti zake. Anasema, andika, karani, wewe unajua. Basi nikaandika nilivyojua. Seminari hatukufundishwa kuwaandikia wanawake. Nilijitahidi."

Alikunywa togwa yake, hasira ikashuka. Zuhura akamuuliza kama kikosi kizima kiliandikiwa hivyo. "Kikosi kizima wapi?" alisema. "Barua haikuwa amri. Siku ya kupumzika tulipewa moja moja, kwa taabu. Mtu anachagua: alale, acheze karata, au asimame kwenye foleni yangu kutwa, kwenye tope. Wengi walilala, na siwalaumu. Giza likiingia kabla sijawafikia, waliobaki walirudi siku nyingine kusimama upya. Nilikuwa nawaonea huruma. Nilikuwa nasema moyoni, hawa wanasimama hivi kwa maneno gani, wakati maneno yenyewe hawana?" Mayai yakaletwa, tukala, akatuuliza bei ya samaki. Kuhusu Kosmas hakuongeza kitu, na tulipoaga akanirudishia barua akasema salamu kwa huyo mama.

Tulipotoka kwake tukagombana. Zuhura alitaka tuseme amemkumbuka. "Neno moja tu, Skola. Tuseme alikuwa analia akiandikiwa. Dhambi naibeba mimi." "Dini gani hiyo ya kubebeana dhambi?" "Yangu. Wewe yako ina kitubio, unaogopa nini?" Nilimwambia mama yule ameshaishi miaka yake yote kwa maneno ya mtu mwingine, tukimpelekea mengine ya kutunga sisi tutakuwa makarani wa pili. Akaniambia nina roho ya jiwe. Hatukusemeshana kuanzia pale juu hadi lori lilipoanza kuteremka na ziwa likaonekana, na hata hapo alichosema ni kwamba nimemkalia kanga.

Tulimkuta Bibi Melania majabalini anageuza usipa, jua kali. "Mmerudi," alisema, hakuinuka. Nikachuchumaa, nikamwambia yote kwa kifupi kabla moyo haujaniishia: tumempata karani, mwandiko ni wake, maneno ni yake, na Kosmas hamkumbuki. Alitikisa kichwa polepole. "Nilijua." Akaendelea kugeuza samaki. Kisha akasema, akiwaambia samaki zaidi kuliko sisi, "Na mimi nilipomjibu si nilimwambia katekista, andika unavyojua. Niliona haya. Nilisimama pale mlangoni moyo umejaa, mdomo ukakataa. Sijui hata aliandika nini." Nikaona Zuhura anavuta pumzi, nikajua sasa anadanganya, nikamtupia jicho. Hakunitazama. Alimsimulia foleni. Alimsimulia tope, mvua, meza chini ya turubai, wenzao waliolala na waliocheza karata, na wale ambao giza liliwafikia wakarudi siku nyingine kusimama upya. Hakutia chumvi hata punje, Zuhura wa watu, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Bibi Melania aliacha kugeuza samaki. "Kosmas?" akasema. "Kosmas alisimama?" "Barua ulipata, bibi," Zuhura alisema. "Asiyesimama hakupata." "Kutwa nzima?" "Kutwa. Mvuani." Yule mama akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani. "Mtu yule! Hakuweza kungoja ugali uive, alikula mbichi. Misa alitoka kabla ya baraka. Siku ya harusi yetu padre alisimamisha sala akamwambia, Kosmas, tulia. Kutwa nzima, Kosmas?" Kicheko kilikatika katikati. Aliweka mkono kifuani, mkono wenye magamba ya samaki, akautazama mchanga. "Habari yake ilipoletwa niliwafukuza watu waliokuja kulia. Niliwaambia, kwangu hakuna aliyekufa, mimi nimeambiwa nisizimike." Akanyoosha mkono mwingine bila kuinua kichwa, nami nikamrudishia barua yake. Shule yetu ilikwenda kwenye maonyesho bila hiyo, na Mwalimu Mkuu alininunia hadi Krismasi.

"Nendeni mkamwite Ludgera," alisema. "Mwambieni aje na wenzake wote. Nataka kumlilia mume wangu."

Zuhura alikimbia, kanga zinamdondoka njiani. Nikaendelea kugeuza usipa mahali pake mpaka nilipomsikia Bibi Ludgera, ameshakianza kilio toka kwenye mitumbwi, anakuja.